Kabla ya kutuma mate ng'ambo, pimeni LDL ya ndugu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jeni na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Habari hizi hutufikia kwa sura mbili. Ya kwanza ni kichwa cha habari kwamba imegunduliwa "jeni ya shambulio la moyo", na msomaji ambaye baba yake alianguka akiwa na miaka 48 anabaki akidhani zamu yake imeshapangwa. Ya pili ni tangazo la kwenye simu: tema mate kwenye kichupa, lipa kwa kadi, tuma ng'ambo, utaletewa asilimia ya hatari yako. Inayokosekana ni habari yenye manufaa zaidi, kwamba sehemu ya elimu ya jeni inayoweza kuokoa watu hapa kwetu leo hii haihitaji kichupa hicho. Ni kuwatafuta wenye kolesteroli ya juu ya kurithi, na inahitaji kipimo cha kawaida cha mafuta kwenye damu, karatasi, na mtu wa kuwapigia simu ndugu.

Nianze na ugunduzi ambao Mwafrika ana sababu ya kuujua. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa na Kanada waliripoti jeni iitwayo PCSK9, iliyokuwa ikifanya kazi kupita kiasi katika familia za Kifaransa zenye kolesteroli ya juu mno. Jonathan Cohen na Helen Hobbs wa Dallas, Marekani, wakageuza swali: je, wapo watu ambao jeni hiyo imezimika? Mwaka 2005 waliwapata, na wengi wao walikuwa Wamarekani weusi. Takriban watu 2 kati ya 100 walikuwa na moja ya kasoro mbili zinazoikatisha protini kabla haijakamilika, na LDL yao, yaani kolesteroli mbaya, ilikuwa chini sana.

Mwaka uliofuata yakaja matokeo ya watu weusi 3,363 waliofuatiliwa kwa miaka 15. Wenye kasoro hizo walikuwa 85. LDL yao ilikuwa pungufu kwa asilimia 28, na aliyepata tatizo la mishipa ya moyo kati yao alikuwa mmoja tu. Kwa wenzao wasio na kasoro waliougua walikuwa karibu 10 katika kila 100. Hatari ilipungua kwa asilimia 88. Baadaye kasoro mojawapo ilionekana pia kwa wanawake wa Zimbabwe, na mmoja wao aliirithi kwa baba na kwa mama. LDL yake ilikuwa 0.4 mmol/L, kiwango ambacho maabara nyingi zingedhani mashine imeharibika, naye hakuwa na ugonjwa wowote wa kuonekana.

Kinachotokea ni hiki. Juu ya seli za ini kuna vipokezi vinavyodaka chembe za LDL zinazopita kwenye damu. Kipokezi hudaka chembe, huzama nayo ndani ya seli, huiachia ivunjwe, kisha hurudi juu kudaka nyingine. Mzunguko mmoja huchukua takriban dakika 10. Protini ya PCSK9 hujishikiza kwenye kipokezi, na kipokezi kilichoshikwa hakirudi juu tena, huvunjwa pamoja na mzigo wake. Mwenye PCSK9 kidogo ana vipokezi vingi vinavyozunguka, na damu yake husafishwa haraka. Hapo ndipo zilipotoka dawa za sindano evolocumab na alirocumab, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2015, ambazo huikamata PCSK9 kabla haijafika kwenye kipokezi. Baadaye ikaja inclisiran, ambayo hulizuia ini kuitengeneza kwa wingi.

Sasa angalia hesabu hii, maana ndiyo kiini cha barua yangu. Evolocumab ilipojaribiwa kwa wagonjwa 27,564, LDL ilishuka kwa asilimia 59, lakini matukio makubwa ya moyo yalipungua kwa asilimia 15 tu. Waliozaliwa na PCSK9 mbovu LDL yao ilikuwa pungufu kwa asilimia 28 tu, na hatari yao ikapungua kwa asilimia 88. Iweje kinachoshusha kidogo kikinge zaidi? Jibu ni muda. Wale wa kwanza walikuwa watu wazima ambao mishipa yao ilishaharibika, wakafuatiliwa kwa zaidi kidogo ya miaka 2. Wale wa pili walikuwa na LDL ndogo tangu tumboni. Mshipa wa moyo hauhesabu LDL ya leo peke yake, hujumlisha ya miaka yote.

Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini kolesteroli ya juu ya kurithi ni ugonjwa wa kutafutwa mapema. Kwa kawaida kasoro huwa kwenye jeni ya kipokezi chenyewe, LDLR. Mara chache huwa kwenye jeni ya APOB au ya PCSK9. Zidisha LDL kwa miaka: kijana mwenye LDL ya 6 akifika miaka 20 ameshabeba mzigo ambao mwenye LDL ya 3 ataufikia akiwa na 40. Ndiyo maana huanguka akiwa na miaka 38 au 45, mwembamba, asiyevuta sigara, na watu msibani wakaanza kumtafuta mchawi.

Hesabu zinazokubalika kimataifa ni kwamba mtu 1 kati ya 250 hadi 300 ana hali hii. Zimetokana zaidi na tafiti za nje ya Afrika, lakini ukizichukua kama makisio, kwa watu milioni 61.7 waliohesabiwa Tanzania mwaka 2022 hao ni takriban laki 2. Wengi hawajui.

Wasomaji wetu wanaifahamu selimundu, hivyo tofauti ni rahisi kueleza. Selimundu huhitaji mtoto arithi kasoro kwa baba na kwa mama. Kolesteroli ya kurithi huhitaji mzazi mmoja tu, na kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuipata, awe wa kike au wa kiume. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, mtoto 1 kati ya 4 kwa wastani huirithi mara mbili. Huyo LDL yake huweza kupita 10 mmol/L, vinundu vya mafuta hutokea kwenye ngozi tangu utotoni, na shambulio la moyo huweza kuja kabla ya miaka 20. Katika koo zenye desturi ya kuoana binamu, pwani na kwingineko, LDL ya wachumba ni jambo la busara kulijua mapema. Sisemi waachane, nasema wapimwe.

Utafutaji wenyewe huanza na cheti cha maabara. Mtu mzima mwenye LDL ya 4.9 mmol/L au zaidi (190 kwa maabara zinazoandika mg/dL) anastahili kushukiwa. Kwa mtoto ambaye mzazi wake anajulikana kuwa na hali hii, 4.0 inatosha. Kisha mtazame mtu mwenyewe: shika kano ya nyuma ya kisigino kwa vidole viwili, ulinganishe kulia na kushoto, kano nene yenye vinundu ni ishara nzito. Pitisha kidole juu ya kano za viungo vya vidole vya mkono. Angalia duara jeupe kuzunguka mboni. Kwa mzee si kitu, kwa aliye chini ya miaka 45 lina maana.

Hapa ndipo makosa hutokea. Maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja, huikokotoa kutokana na kolesteroli yote, HDL (kolesteroli nzuri) na trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu). Trigliseridi zikipita 4.5 mmol/L kanuni hiyo huvunjika na namba unayopewa haifai. Rudia baada ya kufunga kula saa 12, au omba LDL ipimwe moja kwa moja. Aliyepata shambulio la moyo apimwe ndani ya saa 24 za mwanzo, la sivyo asubiri wiki 6 hadi 8, kwa sababu mwili ukiwa kwenye msukosuko LDL hushuka kwa uongo. LDL ya mjamzito hupanda bila yeye kuwa na ugonjwa. Tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo, figo zinazovuja protini na njia ya nyongo iliyoziba hupandisha LDL pia, hivyo kipimo cha TSH (cha tezi hiyo) na cha mkojo vifanyike kabla ya kumwambia mtu ana ugonjwa wa ukoo. Na anayekunywa tayari statini, yaani vidonge vya kushusha kolesteroli, LDL yake ya leo ni ya dawa. Itafutwe ya zamani, kabla hajaanza.

Akithibitika mmoja, kazi imeanza tu. Chora ukoo: wazazi, ndugu wa kuzaliwa naye, watoto, baba wadogo na wakubwa, shangazi, wajomba. Kwa kila mmoja andika umri, yu hai au amefariki, na kama amefariki, alikufaje. Usiulize "alikuwa na ugonjwa wa moyo?" kwa sababu jibu litakuwa hapana. Uliza kama alianguka ghafla, kama alilala asiamke, kama alilalamika kifua au "gesi" siku zile. Mwanamume aliyekufa hivyo kabla ya miaka 55 au mwanamke kabla ya 60 awekewe alama. Hakikisha pia nani kamzaa nani, maana huyo "kaka" anayetajwa huenda ni mtoto wa mama mdogo, na hesabu ya nusu kwa nusu hubadilika. Kisha wapimeni wa karibu kwanza, yaani wazazi, ndugu na watoto. Mtoto apimwe kati ya miaka 5 na 10, na mapema zaidi kama wazazi wote wawili wanayo. Anayepatikana huanzishiwa ukoo wake mwenyewe, na hivyo hivyo upimaji unasambaa. Kipimo cha jeni, pale kinapopatikana, kinarahisisha kazi hii: kasoro ikishajulikana kwa mmoja, ndugu wanatafutiwa hiyo hiyo moja. Lakini kisipopatikana, LDL inatosha kuanzia.

Tiba haihitaji maajabu. Atorvastatin, mojawapo ya statini, miligramu 40 au 80 kwa siku hushusha LDL kwa takriban nusu. Ukiongeza ezetimibe, kidonge cha aina nyingine, miligramu 10, huondoa karibu humusi (moja ya tano) ya kilichobaki. Kwa hiyo mwenye LDL ya 7.0 hufika kwenye 3.5, kisha 2.8. Miongozo ya Ulaya inataka mtu huyu, hata kabla hajaumwa moyo, awe chini ya 1.8, na hapo ndipo sindano za kuzuia PCSK9 zinapohitajika. Evolocumab na alirocumab, ambazo ni antibodi, zilianza Marekani kwa zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka; bei imeshuka tangu hapo lakini kwa wengi wetu bado ni ndoto, tena hutunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Inclisiran huchomwa leo, baada ya miezi 3, halafu kila miezi 6, na haihitaji jokofu. Kwa nchi yenye joto na umeme wa kukatika, hiyo ndiyo ningeipigania kwenye majadiliano ya bei.

Statini hushindwa kwa sababu za kila siku. Mgonjwa hunywa mwezi mmoja, hupima, hukuta namba nzuri, huacha akisema amepona. Kasoro ya jeni haiponi. LDL hurudi ilipokuwa ndani ya wiki chache. Mwingine hupewa miligramu 10 kwa LDL ya 7 na haongezwi kamwe. Kipimo kirudiwe wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza au kubadili dozi, na kuongeza dozi maradufu husaidia kwa takriban asilimia 6 tu zaidi, ndiyo maana ezetimibe ni bora kuliko kuendelea kupandisha. Anayetumia dawa za VVU zenye ritonavir asipewe simvastatin kabisa. Vivyo hivyo mtu yeyote aliyeandikiwa clarithromycin, dawa ya kuua bakteria. Misuli inaweza kuvunjika. Mwanamke anayepanga kubeba mimba amwone daktari kabla, kwa kuwa kwa kawaida statini husimamishwa.

Kipimo kingine cha jeni kisichoitwa cha jeni ni Lp(a). Hii ni chembe inayofanana na LDL iliyoongezewa protini moja, na kiwango chake huamuliwa karibu chote na jeni LPA. Chakula na mazoezi havikigusi. Watu wenye asili ya Afrika kwa wastani wana kiwango cha mara 2 hadi 3 ya Wazungu. Zaidi ya 50 mg/dL, au 125 nmol/L, hesabu hatari kuwa imeongezeka. Usichukue namba ya yuniti moja ukaigeuza kuwa ya nyingine kwa kuzidisha, kwa sababu ukubwa wa chembe hutofautiana kati ya mtu na mtu. Andika ulichopewa pamoja na yuniti yake. Kinapimwa mara moja maishani. Dawa za kukishusha moja kwa moja zimo kwenye majaribio makubwa, na kwa sasa faida ya kukijua ni kubana zaidi LDL, shinikizo la damu, sukari na sigara.

Nirudi kwenye vichupa vya mate. Alama ya hatari inayotoka humo hujumlisha vijitofauti vingi vya vinasaba, kila kimoja kikiwa na mchango mdogo sana. Utafiti mmojawapo mkubwa kabisa wa aina hii, wa mwaka 2022, ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1 na wagonjwa 181,522. Karibu wote ni wa asili ya Ulaya. Mara nyingi kinachosomwa si kasoro yenyewe, ni kijitofauti kilicho jirani yake kwenye kromosomu. Kwa Wazungu majirani hao hurithiwa pamoja, kwa Waafrika, ambao historia yao ya vinasaba ni ndefu zaidi, mara nyingi wameshatenganishwa. Eneo linaloitwa 9p21, lililogunduliwa mwaka 2007 na ambalo kwa Wazungu kila nakala huongeza hatari kwa takriban robo, halionekani kuwa na nguvu hiyo kwa watu wenye asili ya Afrika. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba usahihi wa alama za namna hii, kwa sifa mbalimbali za mwili, hupungua zaidi ya mara 4 kwa Waafrika.

Kuna kasoro nyingine. Jeni ya LDLR pekee ina mabadiliko ya kusababisha ugonjwa zaidi ya 2,000, na vipimo vingi vya bei nafuu husoma machache tu. Kwa hiyo mtu mwenye LDL ya 8 anaweza kuletewa cheti chenye rangi ya kijani. Akiacha dawa kwa kukiamini, cheti hicho kimemdhuru kuliko ujinga.

Dawa ya hali hiyo ni data yetu wenyewe. Uganda imeshatoa mfano: watu takriban 6,400 wa eneo la Kyamulibwa walisomwa vinasaba, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Mradi wa AWI-Gen umewahusisha wakazi wa Korogocho na Viwandani, Nairobi, kuhusu moyo, sukari na mafuta. Ni mwanzo mzuri, ingawa ni mdogo ukilinganisha na milioni moja.

Jeni zimetusaidia pia kujua kisichofaa. Wapo wanaouziwa vidonge vya "kuongeza kolesteroli nzuri". Watu waliozaliwa na jeni inayopandisha HDL peke yake walichunguzwa, matokeo yakatoka mwaka 2012: hawakupungukiwa na mashambulio ya moyo. Torcetrapib, iliyopandisha HDL sana, ilisimamishwa mwaka 2006 kwa kuwa waliopewa walikufa zaidi. Hela ya vidonge hivyo ingetosha statini.

Kwa waliowekewa stenti, jambo moja la jeni lina uzito leo. Clopidogrel, dawa wanayopewa ili damu isigande kwenye stenti, huingia mwilini ikiwa haijaamka. Kimeng'enya CYP2C19 cha kwenye ini ndicho huiamsha. Sehemu kubwa ya watu, Waafrika wakiwemo, wana angalau nakala moja isiyofanya kazi, na mwenye mbili dawa humfaa kidogo sana. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo zito kuhusu hilo mwaka 2010. Pale kipimo kinapokosekana, usizidishe tatizo kwa omeprazole. Dawa hiyo ya vidonda vya tumbo, inayouzwa kila duka, hukizuia kimeng'enya hicho hicho. Mwenye stenti anayeungua tumbo amwombe daktari pantoprazole, wala asiache clopidogrel kwa uamuzi wake.

Kuhusu kuhariri jeni yenyewe, mgonjwa wa kwanza alichomwa New Zealand mwaka 2022 kwa lengo la kuizima PCSK9 kwenye ini. Toleo la kwanza lilisimamishwa mwaka 2024 baada ya mgonjwa mmoja kuonyesha dosari kwenye vipimo vya ini na chembe sahani. La pili, mwaka 2025, lilishusha LDL kwa wastani wa asilimia 53 katika dozi ya juu. Ni wagonjwa wachache, na tusubiri.

Ninayoomba ni madogo. Maabara zichapishe kwenye cheti, pale LDL inapofika 4.9, sentensi moja: "Chunguza kolesteroli ya kurithi; pima ndugu." Bima, za umma na binafsi, zilipie kipimo cha mafuta kwa ndugu wa karibu wa mgonjwa aliyethibitika, hata kama hawajaumwa, pamoja na Lp(a) mara moja. Kliniki za moyo ziwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kufuatilia ukoo, maana daktari mwenye foleni ya wagonjwa 60 hatapiga simu hizo. Nawe Mhariri, ukiletewa habari ya kipimo kipya cha jeni, muulize mleta habari kilijaribiwa kwa watu wa asili gani na kwa idadi gani, kisha ulichapishe jibu lake kwenye aya ya kwanza.

Msomaji wako,
Dar es Salaam